Walinzi Wanne na Ubao Usiofutwa

Ognjen aliingia uani na karatasi mkononi, akafunga lango polepole mno, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Mama mkwe wake, Radojka, alimwona na akajua mambo hayakukaa sawa. Ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri. Pilipili hoho nyekundu, magunia mawili mazima, zilikuwa zikichomwa juu ya bati, na moshi umekwisha kuvuka ua hadi kwa jirani. Jirani hakusema neno, maana mwezi wa Septemba mji mzima wa Niš hunuka hivyo hivyo na kila mtu ana bati lake.

"Bwana mkwe leo ameikumbuka njia ya nyumbani mapema," Radojka alisema, akigeuza pilipili kwa uma mrefu. "Vaa aproni, basi. Dunja vidole vyake vimekwisha kuungua."

Dunja, binti yake, alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya. Hakucheka. Alimtazama mumewe, kisha karatasi.

"Wamekupa?"

"Wamenipa."

"Kuna nini humo?"

Ognjen alikaa juu ya ngazi ya mlango bila kuvua koti. "Nisaini kabla ya Jumatatu saa nne. Nikisaini, naondoka kimya kimya, na kampuni italimaliza na familia ya Živka. Nisiposaini, wanaipeleka mahakamani, na jina langu liko juu kabisa."

Huyo Živka alikuwa mkandaji mikate upande wa Pantelej. Wiki mbili nyuma, kifuniko cha mashine ya kukandia unga kilifunguka chenyewe huku mikono ya chuma ingali inazunguka, naye akaingiza mkono akidhani imesimama. Vidole viwili vilivunjika. Programu inayoendesha mashine hiyo iliandikwa kwenye kampuni ambayo Ognjen na Radojka wote walifanya kazi. Ognjen aliandika programu. Radojka alipima vyombo vya kusakia makosa ya programu. Walikaa ghorofa moja, na kwa miaka saba walikuwa wakinywa kahawa kwenye meza mbili tofauti.

"Lete," Radojka alisema.

"Mama, mikono yako..."

"Lete, nimesema."

Akafuta mikono kwenye aproni, akaisoma karatasi kwa mbali, maana miwani ilikuwa ndani. Ilisema kwamba kitatuzi, ile programu inayozichungulia programu nyingine zikiwa kazini, kilimtega mhalifu. Kijichumba cha kumbukumbu kinachoshikilia habari ya kifuniko kiliwekewa mlinzi. Mlinzi alipiga kelele. Aliyekiandika kijichumba kile wakati haramu, unga ukiwa unakandwa, alikuwa mstari wa mia mbili na kumi na mbili. Mwandishi wa mstari: Ognjen Ristić.

"Basi ni wewe," Radojka alisema.

"Mama!" Dunja aliangusha kisu ndani ya beseni.

"Nisemeje? Kitatuzi hakina shangazi wala mjomba. Hakimpendelei mtu. Mimi ndiye niliyekipima, majaribio arobaini, na yote yakapita."

Ognjen aliitazama mikono yake. "Mstari ule unahesabu trei tu. Trei moja, mbili, tatu. Nimeusoma mpaka herufi zinacheza. Haujui hata kama mashine ina kifuniko. Lakini kitatuzi kimesema, na wewe umesema, na mke wa mwuza burek pale mtaani amesema. Labda nimefanya bila kujua. Mtu anaweza kuvunja vidole vya mtu bila kujua, Mama?"

Radojka hakumpenda sana kijana huyu; alimwona mlegevu, mtu wa kuomba radhi hata kwa kiti alichokigonga. Lakini mlegevu si mwongo, na miaka saba chini ya dari moja inatosha kujua tofauti hiyo.

"Waliweka walinzi wangapi?" aliuliza ghafla.

"Wawili. Wa kwanza kwenye kifuniko. Wa pili kwenye hesabu yangu ya trei. Meneja Momir alitaka kuona kipi kinatangulia."

"Wawili kwa pamoja? Bila kuzima katikati?"

"Bila kuzima. Kwa nini?"

Pilipili zilikuwa zinaungua. Dunja aliinuka akazigeuza mwenyewe, maana mama yake alikuwa amesimama na uma hewani kama aliyesahau kazi yake.

"Kesho asubuhi tutakwenda wote wawili kazini," Radojka alisema. "Usisaini kitu. Na vua koti hilo, hutafukuzwa na mtu ndani ya ua wangu."

*

Jumamosi asubuhi walipita kwa mwuza burek, ile mikate ya matabaka yenye jibini, maana bila kifungua kinywa Radojka hakuweza kufikiri. Mke wa mwuza alimkata Radojka kipande cha jibini, akamfungia vizuri, akamwuliza habari za mgongo. Ilipofika zamu ya Ognjen, alikata kipande cha pembeni kilichokauka, akakisukuma juu ya kaunta bila karatasi.

"Na mtindi," Ognjen alisema taratibu.

"Mtindi umekwisha."

Kwenye friji nyuma yake chupa zilikuwa zimepangwa kama askari. Ognjen aliziona. Radojka aliziona. Mwanamke aliona kwamba wameziona.

"Živka ni mtoto wa dada yangu," mwanamke alisema. "Alikuwa akipiga akodioni. Sasa anashika kijiko kwa mkono wa kushoto."

"Mama yangu, mimi..." Ognjen alianza.

"Twende," Radojka alisema. Lakini kabla ya kutoka aligeuka. "Nipe mtindi chupa mbili. Mimi nina kiu sana leo."

Alipewa mbili. Njiani alimkabidhi mkwewe moja bila kumtazama, naye akaipokea bila kusema asante, na kwa mara ya kwanza hilo lilimpendeza.

Mlinzi wa lango la kampuni aliwafungulia huku akilalamika kwamba Jumamosi ni siku ya mapumziko na ya mpira. Ghorofa ya tatu ilikuwa tupu. Kwenye benchi la Radojka palikuwa na kompyuta ileile ya mashine ya unga, imetandazwa waya zake, bila chuma wala mikono. Akavaa miwani, akavuta kiti.

"Kaa hapa. Usiguse kitu. Kitendawili."

"Tega," Ognjen alisema, akishangaa.

"Nyumba yangu ina walinzi wanne na ubao mmoja. Kila anayepiga kelele huandika alama yake ubaoni, wala hakuna ajuaye kufuta."

Ognjen aliwaza, mtindi mdomoni. "Prosesa. Rejista zake za ulinzi, vijichumba vya ndani ya ubongo wa kompyuta. Ziko nne, na ya kuandikia alama ni moja."

"Na anayepaswa kufuta ni nani?"

"Ni..." Akaweka chupa chini. "Ni kitatuzi. Prosesa haifuti yenyewe. Imeandikwa kwenye kitabu chake."

"Imeandikwa. Sasa tuone kama aliyeandika kitatuzi alikisoma kitabu."

Kwanza alirudia majaribio yake ya zamani, yale arobaini, kama alivyoyafanya mwezi wa Machi. Aliweka mlinzi mmoja, akasubiri kelele, akasoma jibu. Sawa. Akazima kompyuta. Akahesabu kimoyomoyo hadi thelathini. Akawasha. Mlinzi mwingine. Sawa. Akazima. Akahesabu.

"Kwa nini unazima kila mara, Mama?"

"Tulifundishwa hivyo kiwandani, tulipokuwa tunapima redio. Usipime kitu chenye joto la jana. Zima, acha umeme utoke wote, hesabu thelathini, ndipo upime. Aliyepima bila kuzima alikatwa mshahara." Akawasha tena. "Miaka thelathini na nne sijawahi kupima kitu bila kukizima kwanza. Wasichana wote wa benchi letu, ndivyo tulivyo. Ukiniambia nivuke barabara, nadhani nitahesabu thelathini."

Yote arobaini yalipita, kijani tupu kioo kizima. Saa ilikuwa imefika sita. Radojka alikunja mikono ya sweta.

"Haya. Sasa tufanye uchafu."

Aliweka mlinzi wa kwanza kwenye kijichumba cha kifuniko, wa pili kwenye hesabu ya trei. Akaamuru programu ifungue kifuniko, kwa halali, kama mwoka mikate afanyavyo asubuhi anapomimina unga. Programu ikasimama. Kitatuzi kikasema: kifuniko kimeandikwa. Kweli kabisa. Hakuzima. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye swichi, akaurudisha kwa mkono wa pili na kuukalia. Akaiacha programu iendelee. Unga wa kufikirika ukakandwa, trei ya kufikirika ikapita, mstari wa mia mbili na kumi na mbili ukaongeza hesabu yake ndogo isiyo na hatia.

Programu ikasimama. Kioo kikasema: kifuniko kimeandikwa. Mstari wa 212.

Ognjen alisimama hadi kiti kikaanguka. "Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo waliyonionyesha! Neno kwa neno!"

"Okota kiti." Sauti yake ilikuwa tulivu. Akaifungua rejista ya alama. Alama mbili zilikaa pale, ya mlinzi wa kwanza na ya mlinzi wa pili. Ya kwanza ilikuwa ya ule ufunguaji wa halali. Hakuna aliyeifuta. Kitatuzi kilipokuja kusoma ubao, kilianza juu, kikakuta jina la zamani, kikaridhika, kikaenda zake. Aliyepiga kelele alikuwa mlinzi wa trei. Aliyetajwa ni mlinzi wa kifuniko.

Aliufuta ubao kwa mkono, akaandika sifuri, akarudia. Kioo kikasema: hesabu ya trei imeandikwa. Mstari wa 212.

Akarudia bila kufuta. Kifuniko. Akafuta. Trei. Akafanya hivyo mara kumi na mbili, akiandika kila jibu kwenye daftari kwa penseli, wala hakukubali kuinuka hata Ognjen alipomwambia kwamba imetosha.

"Mara tatu ni bahati," alisema. "Mara kumi na mbili ni ushahidi."

Hapo ndipo Ognjen alipotulia, na kutulia kukampa nafasi ya kufikiri, na kufikiri kukamfutia furaha usoni. "Mama. Fomu ya Machi. Kwamba kitatuzi ni kizima. Aliyesaini..."

"Najua nilichosaini."

"Umebakiza miezi minne ufike pensheni."

"Kuhesabu pia najua."

*

Jumapili hawakuzungumza mpaka chakula cha mchana, kisha wote wakazungumza kwa pamoja.

"Kuna njia nyingine," Ognjen alisema. "Waandishi wa kitatuzi wakirekebishe kimya kimya. Mstari mmoja tu, kufuta ubao. Mimi nisaini, niende. Nitapata kazi pengine. Belgrade, au Novi Sad."

"Utapata kazi gani na karatasi inayosema umemvunja mtu vidole?" Dunja alimkatiza. Kisha akamgeukia mama yake, macho yamejaa. "Na wewe, Mama, wakikufukuza sasa? Miaka yote hiyo? Mnanitaka nichague nani, mume au mama? Nipitishieni chumvi kwanza."

Radojka alimpitishia. "Hukuitwa kuchagua, mwanangu. Kula."

"Lakini hukukosea! Ulipima walivyokufundisha!"

"Nilipima walivyonifundisha, na nikakosea. Yote mawili." Akakata mkate, akampa mkwewe kipande cha kati, kile laini. "Sikilizeni. Tukimtoa Ognjen kafara, watu watasema mkosaji amepatikana. Watafunga faili. Lakini mstari wa trei haukufungua kifuniko. Kwa hiyo kilichokifungua bado kimo mle ndani. Na mashine hizo ziko kumi na moja mjini, na kesho saa kumi alfajiri kila moja itakuwa na mwanamke amesimama mbele yake."

Dunja alipangusa macho kwa kitambaa cha meza, jambo ambalo siku nyingine lingemletea karipio.

*

Jumatatu saa nne, ofisi ya meneja Momir Zlatković ilikuwa na watu wanne. Momir mwenyewe alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliyependa kumwita kila mtu rafiki yangu. Kando yake alikaa mwanasheria wa kampuni, mwanamke mwembamba aliyekuwa amekwisha kufungua kalamu na kuiweka juu ya karatasi, ncha ikimwelekea Ognjen. Ognjen alibaki amesimama, maana hakuna aliyemwonyesha kiti. Na Radojka, ambaye hakualikwa, aliingia akisukuma kigari chenye kompyuta ya benchi lake, magurudumu yakilia.

"Radojka, rafiki yangu," Momir alisema, "hii ni habari ya mkweo. Nakuelewa. Lakini si mahali pako."

"Ni mahali pangu. Dakika kumi. Soketi iko wapi?"

"Mama huyu ni jamaa wa mhusika," mwanasheria alisema bila kuinua macho. "Maneno yake hayana uzito."

"Ndiyo maana sikuleta maneno." Aliinama, goti likatoa mlio, akachomeka waya. "Momir, njoo ukae hapa ubonyeze mwenyewe. Mimi nitakaa mbali, mikono mgongoni, mwanasheria asije akasema nimeroga."

Momir alicheka kidogo, akaketi. Radojka alimwelekeza hatua kwa hatua. Mlinzi wa kwanza kwenye kifuniko. Fungua kifuniko, kwa halali. Mlinzi amelia? Amelia. Endelea.

"Sasa usimweke mlinzi wa pili kwenye trei. Mweke kwenye joto la mota."

Momir alisita. "Joto la mota ni sehemu yangu. Niliandika mimi, zamani."

"Mstari wa themanini na nane. Ni mzuri, nimeusoma. Weka."

Akaweka. Akabonyeza. Programu ikaenda, ikasimama, na kioo kikasema kwa herufi zake za kijani zisizo na aibu: kifuniko kimeandikwa. Mstari wa 88.

Mwanasheria aliinua macho. "Hiyo maana yake nini?"

"Maana yake," Radojka alisema, "ni kwamba Momir ndiye aliyemvunja Živka vidole. Sukuma karatasi asaini."

Ognjen alikohoa, na kama mtu alimsikia akicheka ndani ya kikohozi hicho, hakusema. Momir alirudia mwenyewe. Akarudia tena. Shingo yake ilipanda rangi mpaka kwenye masikio. Radojka alimweleza habari ya ubao usiofutwa, akampa daftari la penseli. Akamwonyesha jinsi ya kufuta kwa mkono, na mara mstari wa themanini na nane ukarudi kuwa mstari wa joto, haujamgusa mtu.

"Kwa hiyo nani alifungua kifuniko?" Momir aliuliza mwishoni.

"Sijui. Na kitatuzi hakijui. Labda mstari mwingine, labda komeo lenyewe la chuma. Kosa litafutwe upya, kwa chombo kizima. Na hizo mashine kumi na moja zizimwe mpaka lipatikane."

"Zizimwe! Unajua waoka mikate watasema nini?"

"Nenda kwa mke wa mwuza burek, atakuambia mapema."

Mwanasheria alikuwa ameirudisha karatasi kwake, akaishika kwa vidole viwili ili aichane.

"Usichane," Radojka alisema. "Karatasi ikichanwa, mtaani watasema alihurumiwa. Andikeni nyingine. Kwamba mstari wake haukugusa kifuniko, na kwamba alishutumiwa kwa makosa ya chombo. Muhuri. Ataibandika kwenye mlango wa duka la burek akitaka."

Mwanasheria alimtazama Momir. Momir aliitikia kwa kichwa. Kalamu ikaanza kuandika.

Kisha Momir aliuliza lile ambalo Ognjen alikuwa akiliogopa tangu Jumamosi. Aliuliza kwa upole, akiangalia dirishani. "Kitatuzi hiki kilipitishwa kuwa kizima. Nani alipima?"

"Mimi."

"Nani alisaini?"

"Mimi. Radojka Pešić, mwezi wa Machi. Nilikuwa nazima kila baada ya jaribio, kwa hiyo kila mlinzi alikuta ubao msafi. Kosa halikupata nafasi ya kuonekana. Usafi wangu ndio ulioficha."

"Kama ungekaa kimya, nisingeuliza."

"Ungeuliza. Si leo."

Momir alijipapasa kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayepaswa kumpigia mkubwa wake simu kabla ya chakula cha mchana akiwa na jina mdomoni. "Sitakufukuza," alisema hatimaye. "Miezi minne utaimaliza. Lakini kuanzia kesho hutapima, hutasaini. Utakwenda ghala la chini, kupanga faili. Na kutakuwa na barua ya onyo. Nisamehe."

Ghala la chini halikuwa na dirisha. Walipelekwa huko wale ambao kampuni iliona haya kuwatoa nje. Ognjen alifungua mdomo, na Radojka akamtazama, naye akaufunga.

"Kuanzia kesho?" Radojka aliuliza.

"Kesho."

"Vizuri. Leo bado nina saa tano."

Akachomoa waya, akakisukuma kigari chake kwenye korido, magurudumu yakilia, watu wakichungulia milangoni. Nyuma yake alisikia sauti ya Momir kwenye simu, ikimwambia mtu: ndiyo, zote, hata ya Pantelej, zimeni sasa hivi. Ognjen alimfuata hadi kwenye benchi, karatasi mpya mkononi, wino haujakauka.

"Mama, nenda nyumbani upumzike. Nitamwambia Dunja akuchemshie..."

"Usinizunguke. Vuta kiti. Utasoma namba kwa sauti, mimi naandika."

Waliandika jaribio la arobaini na moja. Walinzi wote wanne kwa pamoja, mmoja baada ya mwingine, bila kuzima, mara elfu moja, na kila mara kitatuzi kiulizwe ni nani aliyepiga kelele. Iliwachukua mpaka saa tisa kasoro. Mara mbili walibishana, mara moja Ognjen alikuwa sahihi, na Radojka akafuta alichoandika bila kununa.

Akabonyeza. Kioo kilifikiri kidogo. Halafu kikawaka chekundu kutoka juu mpaka chini: limeshindwa, limeshindwa, limeshindwa.

Radojka alivua miwani, akasoma safu yote kwa raha kama mtu anayesoma barua ya mwanawe aliye mbali. Akaliingiza jaribio lile kwenye orodha ya majaribio ya kampuni, mahali ambapo kitatuzi hakiwezi kuuzwa tena bila kulivuka. Palipoandikwa jina la mpimaji akaandika la kwake. Palipoandikwa matokeo akaandika: kitatuzi hakifai. Kisha akavaa koti lake.

"Twende," alimwambia mkwewe. "Zile pilipili hazitajimenya."